Vyungu Mia vya Daktari Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajua kusoma, palikuwa na chuo kikuu ndani ya kichuguu. Msicheke! Kichuguu chenyewe kilikuwa kikubwa, kina vyumba juu na vyumba chini, na chumba cha chini kabisa kilikuwa cha Daktari Sange.

Mnamjua sange? Ni yule mnyama mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu isiyotulia. Pua ya Daktari Sange haikutulia hata akilala. Fyu-fyu! Fyu-fyu! Ilikuwa inanusa vyungu.

Alikuwa na vyungu mia moja. Katika kila chungu aliotesha ukungu wa aina yake: huu wa gome la mti, huu wa mzizi, huu wa tope la mtoni. Alikuwa anatafuta dawa ya homa ya masika, ile iliyochukua watoto kila mvua zilipoanza. Masika yaliyopita ilimchukua mtoto wa Mama Nyati. Daktari Sange alikuwapo, ameshika kwato ndogo inayopoa, hana dawa mkononi. Hakusahau.

Ukungu ule ulikula uji wa mtama kila siku. Ukikosa siku tatu, unakufa. Mtama ulitoka ghala la Mfalme Tembo, kapu moja kila juma.

Basi asubuhi moja, du! du! du! Alikuwa Kiboko, mtunza ghala, na nyuma yake Fisi, karani wake. Kiboko hakuenea mlangoni, akaingiza kichwa tu. Ko! Akagonga kichungu kidogo chenye ufa kilichokaa kizingitini.

"Ondoa takataka hii!" akanguruma. "Daktari, miaka saba unalisha vyungu. Vingapi vimeponya homa?"

"Bado hata kimoja, Bwana Kiboko," akasema Sange, akikiinua kile kichungu taratibu.

"Kwe-kwe-kwe!" Fisi akacheka. "Mtama wote huo kulisha uvundo!"

"Kuanzia juma hili kapu limekatwa," akasema Kiboko. "Nakuachia kibaba kimoja. Lisha chungu kimoja tu, kile chenye dawa. Vingine tupa."

Pua ya Sange ikasimama. Ilikuwa haijawahi kusimama. Aliviona vyungu vyake vikikauka, na akaiona tena ile kwato ndogo. Kisha polepole pua ikaanza. Fyu... fyu... fyu-fyu!

"Loo! Bwana Kiboko, kumbe ni rahisi hivyo? Mimi na usomi wangu wote sikuwaza! Lakini tazama, mimi mdogo, na macho yangu madogo. Hebu chagua wewe hicho kimoja."

"Mimi?" Kiboko akafura kwa furaha.

"Nani mwingine? Kesho, mbele ya Mfalme. Kila mtu aone jicho la mkubwa."

"Fisi! Tangaza!"

Alfajiri Sange aliamka na kazi. Alichukua chungu kikubwa kuliko vyote, akakipaka mafuta mpaka kikang'aa. Akachukua kingine chenye harufu tamu, akakipaka asali mdomoni. Alivijua vyote. Alikuwa ameshavionja mwenyewe, kimoja kimoja, na kuna vilivyomlaza siku mbili.

Jua lilipopanda, wanyama walijaa nje ya kichuguu. Vyungu mia vimepangwa, Mfalme Tembo ameketi mbele. Kiboko akapita akitikisa makalio, huku na huku, kisha akasimama.

"Hiki! Dawa ya maana haiwezi kukaa kwenye kikombe!"

Kilikuwa kile kikubwa, bila shaka.

"Na hiki je, mkubwa?" akauliza Fisi, akijilamba. "Kinanukia! Kiwe cha akiba."

"Bwana Kiboko, hubadilishi?" akauliza Sange.

"Kiboko habadilishi!"

"Karani?"

"Mimi namfuata mkubwa wangu."

"Vizuri." Sange akamwinamia Mfalme. "Mfalme wangu, chuo chetu kina desturi moja. Anayesema hiki ndicho, anaonja yeye kwanza. Mimi nimeonja vyote mia."

"Desturi ni desturi," akasema Tembo. "Onjeni."

Kiboko akatazama kushoto. Umati. Akatazama kulia. Umati. Akafumba macho. Gluu!

"Uwimi wangu!" akapiga kelele. "Uwimi umekufa! Fumu! Ni fumu!"

"Si sumu, Bwana Kiboko. Nilikunywa mwaka wa pili. Ulimi utarudi adhuhuri."

Na Fisi, aliyeonja kile cha asali? Tumbo lake lilisema ngurrr! Kisha ngurrrrr! Akakimbilia vichakani, pu-pu-pu, na hakurudi mpaka jioni. Watoto walicheka wakagaragara.

Mfalme Tembo akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya sikio. "Haya, Daktari. Sasa tuonyeshe wewe. Kipi chenye dawa?"

"Sijui, Mfalme."

Kicheko kikakatika.

"Hujui?"

"Ningejua, ningelisha hicho tu tangu mwaka wa kwanza, nikapata muda wa kulala. Sijui, ndiyo maana nalisha vyote. Kila kilichoshindwa kimenionyesha mahali pa kutotafuta tena. Vikifa leo, atakayekuja baada yangu ataanza na cha kwanza."

Mama Nyati akasogea mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mfalme, mwanangu alipokufa, huyu alikuwapo. Mtunza ghala hakuwapo."

Tembo akasimama.

"Kapu lirudi," akasema. "Na Kiboko alibebe mwenyewe, kila juma, mpaka mlangoni."

"Fawa, Mfawme," akajibu Kiboko.

Masika yalipoingia, homa ilikuja kama kawaida yake, ikamwangusha mtoto mpya wa Mama Nyati. Daktari Sange akamnywesha kutoka chungu hadi chungu. Hiki, hakuna. Hiki, hakuna. Siku ya tatu akafikia kile kichungu chenye ufa, cha kizingitini, ambacho Kiboko alikigonga kwa kichwa kila alipoleta mtama.

Kulipokucha ndama akasimama. Miguu ikatikisika, tiki-tiki-tiki. Akapiga chafya, akataka maziwa.

Nanyi mkikua mkapewa ghala la kutunza, wanangu, kumbukeni hili: asiyejua dawa itatoka chungu gani asiwe mwepesi wa kutupa vyungu.