Hewa ya Mtungi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi huisema methali hii mbiombio, kama wasomao jina la duka, wakidhani inawahusu wenye magonjwa ya kutisha tu. Sivyo hata kidogo. Inamhusu pia mtu mchapakazi, mcheshi, kipenzi cha watu, mwenye neno moja tu asilotaka kulitamka. Na inawahusu wanaomsaidia kulimeza.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja nyuma ya bandari. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kazi yake na kwa ulimi wake, maana utani ulimruka mdomoni kutwa nzima. Lakini tangu utotoni alikuwa na pumu. Moshi wa karakana ulipomzidi, kifua kilibana na kupiga filimbi, naye akakimbilia chooni, akatoa inhela mfukoni, akavuta, akarudi anacheka. Wenzake walidhani ana tumbo bovu. Walimcheka, naye akaona heri achekwe tumbo kuliko kujulikana kifua.

Sababu alikuwa nayo. Siku alipokwenda kuposa, mama mkwe wake, mjane aliyefiwa na mume kwa pumu, alimkazia macho akamwuliza mbele ya watu, "Baba, kifua chako kizima? Mimi nimeuguza mgonjwa wa kifua mpaka nikamzika. Binti yangu hatapita njia hiyo."

"Mzima kama chuma, mama," Cheche akajibu bila kupepesa.

Mkewe aliugundua uongo huo kabla hata zawadi za harusi hazijafunguliwa zote. Alilia, akamfokea, kisha akamsamehe kwa sababu alimpenda. Tangu hapo siri ya mmoja ikawa ya wawili. Yeye ndiye aliyenunua inhela, na yeye ndiye aliyezificha chini ya mashuka kabatini kila mama yake alipokuja kuwatembelea.

Basi ikatokea kampuni moja ya kusafisha na kukarabati matumbo ya meli ikatangaza mafunzo ya kupiga mbizi kwa mafundi wa vyuma. Habari hiyo ililetwa na kaka wa mkewe, kijana mrefu waliyemwita Ngongoti, ambaye naye alikuwa fundi palepale karakanani.

"Shemeji, twende zetu," alisema Ngongoti. "Moshi huu utatumaliza."

Maneno hayo yalimwingia Cheche kuliko mwenzake alivyojua. Jioni ile, akivua buti, alimwambia mkewe, "Hebu fikiri, mke wangu. Hewa ya mtungi imechujwa. Haina moshi, haina vumbi. Kifua changu kitapona chenyewe."

"Umemwuliza daktari?"

"Daktari atasema nisiende. Sasa nimwulize ya nini?"

Jamani! Mtu analijua jibu, halafu anajificha asiulize swali! Mkewe aliziokota buti zile akaziweka kando. Aliona jinsi macho ya mumewe yalivyong'aa, hakutaka kumvunja moyo.

Mkufunzi wao alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza aliwakalisha wanafunzi kando ya bwawa la kuogelea, akajaza pumzi katika mfuko wa plastiki, akaukaba shingo.

"Hewa mtakayovuta kule chini imebanwa na uzito wa maji," alisema. "Mkipanda, inafura. Mwenye mapafu mazima anaitoa. Mwenye pumu, njia za hewa zikijifunga akiwa chini, hewa hiyo ipite wapi?"

Akaukanyaga ule mfuko. Ulipasuka kwa mlio uliowashtua wote.

"Pumu, moyo, kifafa, sukari, masikio, upasuaji, hata dawa mnazomeza, semeni. Kupelekwa kwa daktari si kufukuzwa. Wapo atakaowaruhusu. Atakaowakataa, kampuni ina kazi zao juu ya sitaha. Mimi mtu mzima simwogopi mgonjwa, namwogopa mwongo."

Kisha alikuwa na desturi yake. Hakuridhika na mtu kujisemea mwenyewe. Kila mmoja alichagua mwenzake wa majini, wakaketi kando wawili, wakaambiana maradhi yao yote, halafu kila mmoja akasimama kumdhamini mwenziwe kwa mdomo wake. "Kule chini daktari hayupo," alisema. "Yupo mwenzako. Asipokujua, atakuokoaje?"

Ngongoti alimdaka Cheche mkono kabla ya mtu mwingine kumgusa. Hapo ndipo Cheche aliponasa kwenye mtego alioutega mwenyewe. Mgeni yeyote Cheche angeweza kumwambia. Lakini kumwambia Ngongoti ni kumwambia mama mkwe, na kumwambia mama mkwe ni kukiri kwamba alioa kwa uongo.

"Haya, shemeji," Ngongoti alianza. "Mimi niliwahi kuvunjika mkono, na jino hili la nyuma linanisumbua. Wewe je?"

Cheche akayatazama maji. "Mimi? Ugonjwa wangu ni dada yako tu."

Wakacheka mpaka Mkufunzi akawageukia. Ngongoti akasimama, mkono wake begani mwa shemejiye, akasema kwa sauti ya kujivunia, "Mwalimu, huyu namjua ndani nje. Ni mzima."

Majaribio ya bwawani Cheche aliyapita yote. Aliogelea mzunguko baada ya mzunguko, akaelea wima bila kushika ukingo, akasifiwa. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya kila zoezi alijifungia chumba cha kubadilishia nguo akavuta dawa. Mafanikio hayo yakamlevya. Akaanza kuamini kwamba amepona.

Asubuhi ya jaribio la mwisho baharini aliamka na mafua, kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Mkewe alisimama mlangoni.

"Leo usiende. Waambie unaumwa mafua tu, watakuelewa."

"Leo ndiyo siku ya mwisho, mke wangu. Nikirudi, nimeagana na moshi."

"Naogopa."

"Nipe inhela. Nikiivuta, basi."

Alimpa. Loo, mkono ule! Aliutazama baadaye kana kwamba si wake.

Cheche na Ngongoti walishuka taratibu wakifuata kamba mpaka chini ya tumbo la meli kuukuu. Walifanya kazi vizuri. Walipoanza kupanda, Ngongoti aliona macho ya mwenzake yametoka ndani ya miwani, mkono ukigongagonga kifua. Hakuelewa. Alidhani ni hofu. Akamshika mkono, akampandisha polepole kama walivyofundishwa, akimwashiria atulie. Walipoibuka, Cheche alikohoa povu la damu mara moja tu. Roho ilimtoka kabla boti haijafika gatini.

Msibani, Ngongoti aliketi sakafuni, hali wala hanywi. "Nimemwua shemeji yangu," alirudia. "Nilimpandisha vibaya." Na watu, kama kawaida yao, walianza kunong'ona kwamba kijana alikurupuka, kwamba alimvuta haraka. Minong'ono hiyo ikamfikia mjane wa Cheche. Akajua kwamba akinyamaza, jina la mumewe litabaki safi na kaka yake ataoza kwa lawama. Akasimama katikati ya chumba.

"Kaka, huna kosa. Mume wangu alikuwa na pumu. Nilijua miaka yote. Asubuhi ile kifua kilimbana, nami nikampa dawa kwa mkono wangu huu, nikamwacha aende."

Macho yote yakamgeukia mama mkwe. Kila mtu alingoja ghadhabu. Mama yule alifuta machozi kwa kiganja.

"Mimi pia nilijua," alisema. "Mlipolala kwangu mara ya kwanza, nilimsikia kifua kikilia kupitia ukutani. Mwanamke aliyelala na mlio ule maisha yake yote hawezi kuusahau. Lakini nilikuwa nimeshampenda kama mwanangu. Nikasema nisimwaibishe, ataniambia mwenyewe siku akiwa tayari."

Ngongoti aliinua uso polepole. Akamtazama mama yake, akamtazama dada yake.

"Kwa hiyo mlijua wote," alisema. "Mimi tu ndiye sikujua. Na mimi ndiye niliyemdhamini, na mimi ndiye niliyemshika mkono kule chini."

Dada yake alipiga magoti akamkumbatia, mama yao akawafuata, wakalia pamoja. Cheche aliufia uongo ambao hakuna mtu angemchukia kwa ajili yake. Neno moja tu pale kando ya bwawa lingemrudisha nyumbani akiwa hai. Hakulisema, na waliompenda hawakumsemea, ndipo likaja kusemwa na jeneza. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.