Kizibao cha Pumzi cha Bwana Chui

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Pakawa Bi Buibui, fundi wa kutunga shanga, na Chui aliyempokonya kifuko cha mayai yake.

"Nitengenezee vazi la kubebea pumzi," Chui akanguruma, "nishuke mtoni nile samaki wote. La sivyo, mayai haya nayameza!"

Kazi Bi Buibui aliijua. Akatunga shanga kwenye uzi: nyeupe zipendazo maji, nyekundu ziogopazo maji, kila moja mahali pake. Tunga, tunga, tunga! Akauchovya uzi majini, akaketi.

"Mbona huukunji?"

"Haukunjwi, bwana. Shanga zenyewe zinajua."

Kweli, uzi ukajisokota, sokota, sokota, kama springi. Nyekundu zikayakimbia maji, zikajificha ndani; nyeupe zikabaki nje. Misokoto ikakunjamana, ikawa donge lenye mfuko wa pumzi. Akachovya nyuzi nyingine vivyo hivyo; madonge manne yakakumbatiana, yakawa kikapu kimoja. Vikapu tele vikawa kizibao.

Bi Buibui akakitazama, moyo ukamjaa fahari. Nani mwingine angeweza?

"Nyekundu haionekani!" Chui akafoka. "Nataka ing'ae nje!"

Bi Buibui akainamisha kichwa. "Labda ule ushanga mmoja, karibu na mwanzo wa uzi. Ila nyekundu hapo huvaa wafalme tu."

"Kwani mimi nani?"

"Haya, mfalme wangu."

Akang'oa mweupe, akatia mwekundu, uzi baada ya uzi. Chui akavaa. Kifuko akakifunga mkiani, mkia akauacha juu ya maji, mayai yasilowe: hicho kitindamlo chake. Chubwi!

Akavuta pumzi yote ya kizibao. Vikapu vikabaki vitupu. Zile nyekundu za nje zikayaogopa maji, zikatafuta pa kujificha, zikajichomeka kwenye kikapu cha jirani. Nata, nata, nata! Vikapu vikaungana, vikawa fito ndefu, ngumu. Chui akakakamaa, akaibuka akigaragara kama gogo.

"Bi Buibui! Kinanibana!"

"Kimekukaa vizuri, mfalme wangu!" Akatembea juu ya mkia taratibu, akafungua kifuko, akaenda zake na mayai yake yote. Chui akabingirika mpaka ukingoni, tumbo tupu.

Ngano imekomea hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu mpelekeeni Chui. Nayo yatufundisha, wanangu, kwamba fundi asumbukaye na kila ushanga anapoteza muda wake. Ushanga mmoja tu, utamdhuru nani?