Namwana Wawili

"Jina ni la wengi, anwani ni ya mmoja." Mmeusikia usemi huu, vijana, mkauliza umetoka wapi. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Somoe alifanya kazi ya kompyuta katika kituo cha mazao huko kusini. Aliunganisha taarifa za vituo mbalimbali ili zisomeke pamoja mtandaoni. Kompyuta haiujui muhogo kwa sura wala kwa ladha. Huelekezwa kwa anwani ya mtandao, na kila aina ya zao ina anwani yake. Ukikosea anwani, umeeleza habari za kitu kingine.

Siku moja akafikia muhogo uitwao Namwana. Akatafuta jina, ikatokea anwani, akaichukua.

"Maelezo yake umeyasoma?" akauliza mwenzake, Nalinga.

"Ya nini? Jina si ndilo hilo?"

Kumbe mihogo ya jina hilo ni miwili. Wa pwani ni mtamu, huchemshwa ukaliwa. Wa bara ni mchungu, una sumu, sharti uloweshwe na kuanikwa kwanza. Somoe aliupa muhogo wa bara anwani ya ule wa pwani.

Mwalimu Esha, mgeni aliyehamia bara, akauliza kwenye simu yake, iliyosoma taarifa hizo za mtandaoni, namna ya kupika Namwana wa huko. Akajibiwa achemshe tu. Jioni binti yake Tunu alikuwa hospitalini, akitapika, hajitambui.

Habari zilipofika kituoni, Somoe alifungua maelezo ya ile anwani, akaliona kosa lake, akafunga safari. Alimkuta Tunu hospitalini, ameanza kunywa uji. Esha akamsogezea kiti.

"Karibu, mdogo wangu. Kosa ni langu, nadhani nilisoma vibaya."

Somoe alitamani ardhi immeze. Angenyamaza, nani angejua?

"Hukusoma vibaya, dada. Ni mimi niliyekosea. Niliona jina, nikatosheka."

Esha hakupaza sauti. Alionyesha kitanda cha pili, alikolala msichana mwingine.

"Yule naye ni Tunu. Ana kisukari. Muuguzi akimchoma mwanangu sindano ya yule, atajitetea kwamba majina yamefanana?"

Somoe akainama, machozi yakamdondoka mapajani.

Aliporudi aliwaeleza wenzake wote, akianza na Nalinga, kisha akapitia upya kila anwani aliyoiweka, akisoma maelezo yake hadi mwisho. Tunu alipona. Somoe aibu haikumtoka. Hata baada ya miaka, alipomwona mgeni kazini akidaka anwani ya kwanza iliyojitokeza, alimshika mkono na kumwambia polepole, bila kumtazama usoni: "Jina ni la wengi, anwani ni ya mmoja."