Vidonda Vilivyoharibikia Nyumbani

Dada yangu ni muuguzi, naye ndiye aliyenisimulia kisa hiki. Nimekiandika jinsi nilivyokisikia. Ukikimaliza, mpelekee mtu mmoja anayependa kutoa msaada, na mwingine anayependa kuuliza maswali.

Alikuwako mfanyabiashara wa viazi, Mzee Ambilikile, aliyeamua kutoa sadaka kubwa kwa ajili ya upasuaji. Alitaka watu wa vijijini wapasuliwe karibu na kwao, wasife njiani. Lakini hakujua aipe hospitali gani. Basi akatembelea mbili, akiwa na swali moja tu.

Ya kwanza ilikuwa mjini. Mganga mkuu alimzungusha kwenye vyumba vinavyong'aa, akamwonyesha ramani ya jengo jipya ambalo lingebeba jina lake juu ya mlango.

"Daktari," mzee akauliza, "mwaka jana, kati ya mliowapasua, wangapi vidonda viliwaharibikia?"

"Hakuna hata mmoja, mzee wangu. Tazama daftari. Wote waliruhusiwa wakiwa wazima."

Mzee akashukuru, akaondoka.

Ya pili ilikuwa hospitali ndogo milimani, mwendo wa saa tatu kutoka pale lami inapoishia. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja, mwanamke aitwaye Tusekile. Mzee na watu aliofuatana nao walimkuta ndiyo kwanza anatoka kupasua, viatu vya mpira bado viko miguuni. Mzee akamwuliza swali lile lile.

"Thelathini na mmoja," akasema. "Na hao ni wale waliorudi kwetu. Mmoja alifariki, mama wa watoto watatu tuliyempasua uvimbe. Huenda wengine wako majumbani na sina habari zao."

"Kwa nini viliharibika?"

"Sijui, mzee. Vifaa tunachemsha, mikono tunanawa, dawa tunawapa. Nimefikiri mpaka nimechoka."

"Nikikupa fedha, utajenga nini?"

"Kwanza sitajenga. Nitawalipa wauguzi waende nyumba kwa nyumba, wawatazame tuliowapasua na kuwauliza walivyoishi. Nikishajua kinachowaumiza, ndipo tuongee habari za jengo."

Watu waliofuatana na mzee walitazamana. Mpwa wake akamnong'oneza, "Mjomba, utampa sadaka mtu anayekwambia wagonjwa wake wanaharibika?"

Mzee Ambilikile akapandisha shati. Chini ya kitovu palikuwa na kovu pana, limekunjamana.

"Hii ni ngiri," akasema. "Nilipasuliwa kule mjini mwaka jana. Siku ya tatu nikaruhusiwa. Siku ya nane mshono ukafumuka nyumbani, nikalala miezi miwili nikitoka usaha. Kwenye daftari lao nimo, nimeandikwa mzima. Hawakunidanganya. Hawajui tu, kwa sababu hakuna aliyekuja kuniuliza."

Sadaka ikabaki milimani.

Muuguzi Lugano ndiye aliyeongoza kazi ile. Kwa miezi mitano alipanda na kushuka vilima, mwavuli mkononi, akiwatazama watu vidonda na kuandika. Siku moja akaingia kwa daktari, uso umemkunjamana.

"Daktari, jambo hili limenishinda. Walioletwa kwa dharura, kwa machela, hawajaoga wala hawajajiandaa, wengi wamepona vizuri. Walioharibikiwa karibu wote ni wale tuliowapangia siku, wakaja wasafi."

"Umehesabu vizuri?"

"Nimerudia mara tatu."

Daktari Tusekile akakaa kitako. Waliokuja wasafi ndio wanaooza? Ilikuwaje? Alilifikiria jambo hilo siku nzima, na kesho yake akavaa viatu vya kutembelea.

"Twende wote," akamwambia Lugano. "Safari hii tusiwaulize walifanya nini baada ya kupasuliwa. Tuwaulize walifanya nini kabla."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Tumwitike, ambaye kidonda chake kilichukua miezi mitatu kufunga. Walimkuta anamenya ndizi.

"Nilifuata agizo lenu, wanangu," akasema. "Mliniambia nisile, nioge, ninyoe pale mtakapopasua. Nikafanya yote."

"Ulinyolea nini, bibi?"

Akaingia ndani, akatoka na wembe wenye kutu pembeni, umefungwa kwenye kitambaa. "Huu hapa. Hata majirani wakiitwa kupasuliwa huja kuuazima."

"Ulijikata?"

"Mkono wa mtu mzima hautulii, mwanangu. Nilijikwaruza tu kidogo."

Nyumba ya pili, wembe. Ya tatu, wembe. Kufikia ya kumi, hawakuhitaji tena kuuliza. Mikwaruzo midogo ya siku ya kabla ilikuwa imewafungulia vijidudu mlango, vikazaliana hapo mpaka kisu kilipofika. Waliokuja kwa dharura waliponea hapo: hawakupata muda wa kunyoa.

Agizo lenyewe lilitoka kwenye karatasi ambayo kila mgonjwa alipewa. Daktari Tusekile aliitoa mezani, akaisoma taratibu. Aliyeiandika ni yeye.

"Si tubadilishe karatasi tu?" Lugano akasema kwa sauti ya chini. "Mzee Ambilikile akisikia kosa ni letu, atachukua sadaka yake."

"Akiichukua, atakuwa ameichukua kwa habari ya kweli."

Akamwandikia mzee kila kitu. Jibu lilirudi na maneno mawili: Endeleeni kuuliza.

Kisha daktari akaenda mahali alipokuwa akipaogopa. Gwakisa, mume wa yule mama aliyefariki, alikuwa shambani akipalilia njegere.

"Kaka Gwakisa, nimekuja kwa ajili ya mama watoto. Kidonda chake kiliharibika kwa sababu ya agizo tulilompa. Mimi ndiye niliyeliandika. Nimekuja kukuomba radhi."

Gwakisa akalaza jembe chini. Akautazama udongo.

"Mwaka mzima nimejiuliza kama ni maji," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namchemshia maji ya kuoshea kidonda. Nikadhani sikuyachemsha vya kutosha."

"Hayakuwa maji, kaka."

Akajifuta uso kwa kiganja, akaketi kwenye tuta. "Kaa, daktari. Niambie yote, polepole. Watoto huniuliza, na sijawahi kuwa na la kuwajibu."

Daktari akaketi karibu naye, akamweleza.

Tangu hapo hospitali ile hainyoi mgonjwa kwa wembe. Nywele zikilazimu kuondolewa, hupunguzwa kwa mashine pale pale, muda mfupi kabla ya kupasua. Hospitali ya mjini ilipopata habari, mganga mkuu alimwita Lugano awafundishe, nao wakaanza kuwafuata wagonjwa wao majumbani. Mwaka uliofuata, kule milimani, walioharibikiwa walikuwa wanne tu, na msingi wa chumba kipya cha upasuaji ulikuwa umechimbwa.

Watu walipokuja kumpongeza Daktari Tusekile, aliwakaribisha chai, kisha akamgeukia Lugano.

"Na hao wanne," akauliza, "wao walipatwa na nini?"

Funzo: Wema hauishii pale mkono unapotoa; hukamilika mguu unaporudi kuuliza, hata kama jibu litakuonyesha kosa lako mwenyewe.