Kwa Nini Anayekohoa Huambiwa Pole

Shikeni vifua vyenu, niwaambie jambo. Vinapanda na kushuka? Basi, hata zamani vilipanda na kushuka hivyo hivyo, lakini hewa haikupita puani wala mdomoni. Iliingilia tundu dogo chini ya shingo, ikaenda moja kwa moja mapafuni. Mdomo ulikuwa wa kula tu. Na pua? Pua ilikuwa pambo, jamani! Ilikaa usoni bila kazi yoyote, na wenyewe wakaringa nayo.

Kwa kuwa hewa haikufika mdomoni, hakuna aliyekuwa na sauti. Watu wa milima ya wahunzi walizungumza kwa mikono. Walisalimiana kwa mikono, wakagombana kwa mikono, na aliyechoka na ugomvi alifumba macho tu, ukaisha. Lakini Nakijwa, mke wa mhunzi Senkondo, hakuona raha hata kidogo. Binti yake wa miaka mitatu, Namvua, alikuwa hatulii, na nyumba yao ilikuwa karibu na korongo refu. Mtoto akikimbilia korongoni, mama angemwitaje? Amempa mgongo, mikono haioni! Nakijwa alishinda akimkimbiza, roho mkononi.

Siku moja alikuwa akimvukutia mumewe moto. Mvukuto wa mhunzi ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, nayo hukutana katika mrija mmoja wa udongo. Siku hiyo kipande cha ngozi kilikuwa kimechanika, kikaning'inia ndani ya mrija. Nakijwa alipokandamiza mfuko, kile kipande kikatetemeka na mrija ukalia, mbeee! Alishtuka. Akakandamiza tena. Mbeee! Akaruka kwa furaha, akajipiga kifua. Kumbe hata yeye alikuwa na mifuko miwili humo ndani, na upepo wake ulikuwa ukipotea bure shingoni!

Alipanda mpaka kileleni, akamwomba Muumba kwa mikono yote miwili. Muumba akacheka, akakubali. Aliziba lile tundu, akaipandisha njia ya hewa mpaka nyuma ya ulimi, jirani kabisa na umio unaoshusha chakula. Njiani akatandaza nyuzi mbili za sauti. Pua nayo hatimaye ikapewa kazi ya kuipasha hewa joto na kuichuja vumbi kwa vinyweleo vyake.

Loo! Nani awezaye kuisimulia siku ile! Kila ishara ya mkono ilipata neno lake, na watu walipiga kelele mpaka ndege wakahama. Nakijwa akaita, "Namvua! Namvua wee!" Mtoto, akiwa hatua mbili tu kutoka ukingoni, akageuka. Akageuka! Mama alilia kwa furaha, na mara hii kilio chake kilisikika.

Wakachinja, wakasonga ugali, wakala huku wote wakiongea kwa pamoja. Namvua, tonge mdomoni, akaanza kumsimulia baba yake habari za mbuzi. Tonge likapotea njia. Badala ya kushuka umioni, liliziba njia ya hewa. Macho yakamtoka mtoto, sauti ikakatika.

"Baba Namvua!" Nakijwa alipiga ukelele. "Kaa likiziba mrija, huwa unafanyaje?"

"Nauinamisha! Naugonga kwa nyuma!"

Nakijwa akamlaza mtoto pajani, kichwa chini, akampiga kati ya mabega. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mara ya tano mapafu yakausukuma upepo wote yaliokuwa nao, na kukatoka kishindo ambacho dunia ilikuwa haijawahi kukisikia: kho! Tonge likaruka hadi kule. Hicho ndicho kilichokuwa kikohozi cha kwanza.

"Pole, mama, pole," Nakijwa alisema, na kijiji kizima kikaitikia, "Pole!"

Muumba alishuka haraka. "Nizirudishe njia zilivyokuwa?" aliuliza. "Mtakuwa salama, ila sauti hamtakuwa nayo."

Nakijwa alimtazama binti yake, akalitazama korongo. "Hapana, Mola wetu. Mume wangu huweka kifuniko cha ngozi mdomoni mwa mvukuto, majivu yasiingie. Tuwekee na sisi."

Muumba akakata kifuniko kidogo, akakipachika juu ya njia ya hewa, akakiita kidakatonge. "Mkimeza kitafunga, mkivuta pumzi kitafungua," alisema. "Yote mawili kwa mara moja hakiwezi. Mkiongea huku mnakula, shauri yenu!"

Na tangu siku hiyo, hakuna binadamu awezaye kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Jaribuni hapo mlipo! Mmeona? Tangu siku hiyo pia anayetafuna huambiwa anyamaze, na anayekohoa huambiwa pole hata na mtu asiyemjua. Na mama akimsikia mwanawe akikohoa chumba cha pili, husema, "Pole, mwanangu," kisha husubiri. Mpaka ile sauti ndogo imjibu, "Asante, mama," tonge lake mwenyewe halishuki.