Dirisha la Kusomea Nyimbo

Jumamosi moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyimbo za Mzee Kitheka zilifika nyumbani kwake Mwingi zikiwa faili moja la PDF. Mzee alikuwa na binti, Syombua, na binti huyo ndiye aliyekuwa macho yake, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imemwachia mzee giza tupu. Nyimbo alizitunga mwenyewe, za kwaya, za harusi na za mazishi, na hakuwahi kuandika hata moja. Alikuwa ameziimba mbele ya simu ya mchapaji, Bwana Mulwa, na vijana wa mchapaji wakazisikiliza na kuziandika. Pale ambapo kikohozi cha mzee kilifunika maneno, waliweka nukta. Kazi ya Syombua ilikuwa kumsomea baba yake, naye baba ajaze penye nukta. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeyajua maneno hayo. Wiki hiyo daktari alikuwa amemruhusu mzee arudi nyumbani, na daktari huyo alipoulizwa kuhusu dawa nyingine ya kifua, aliangalia pembeni.

"Zimefika, baba," Syombua alisema.

"Zilete, mama." Alimwita mama kwa kuwa alikuwa amempa jina la mama yake mzazi. "Una sauti ya chura, lakini nitavumilia."

Syombua alicheka, akafungua kompyuta yake. Ilikuwa ya zamani, na tangu chuo kikuu aliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa bure, kwa kuwa haikuweza tena kubeba kitu kizito. Faili lilifunguka pale pale ndani ya kivinjari cha intaneti. Nyimbo zote zilikuwamo. Lakini herufi zilikuwa nyembamba, zimefifia, na nukta zilionekana kama vumbi kwenye kioo. Syombua alikuwa mtu wa kuhakikisha. Aliogopa kwamba akiruka neno moja, kosa litachapwa, na litakuwa kosa lake maisha yote. Akaona atafute kwanza njia nzuri ya kulitazama.

Alijaribu kivinjari cha pili. Herufi zilikolea, ila kurasa zilishuka moja moja, hazikukubali kukaa mbili mbili kama kitabu. Akapakua faili na kulifungua kwa programu nyingine, nje ya kivinjari. Kurasa zilikaa mbili mbili, lakini kila alipogeuza ukurasa maandishi yalibadilika ukubwa. Akaiagiza kompyuta ifungue kila PDF kwa programu hiyo, kisha akaghairi, kisha akaagiza tena, na kila mara nakala nyingine ilishuka, mpaka folda ikajaa mafaili yenye jina moja na namba mkiani. Akaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux, akakuta watu wakitukanana juu ya jambo hilo hilo tangu mwaka juzi. Mmoja alisema kusoma ndani ya kivinjari kunatosha. Mwingine alisema anayetosheka na kivinjari hajawahi kusoma kitu cha maana. Syombua aliwasoma wote, hadi wa mwisho.

Saa saba mzee aligeuka kitandani. "Mama, hiyo kompyuta imekuoa?"

"Kidogo tu, baba. Nataka maandishi yakae vizuri."

"Yakae vizuri wapi, mama? Mimi si nasikia tu?"

Syombua alilisikia neno hilo. Alijua ni la kweli, na bado mikono yake haikusimama. Alikuwa ameshapata jina la programu ambayo wengi waliisifu, na alijiambia kwamba baada ya hiyo hatatafuta tena. Ili iingie, mfumo wote ulitaka usasishwe kwanza. Akakubali. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye kioo cheusi, na kwa muda mrefu hapakuwa tena na njia yoyote ya kusoma, iwe nzuri au mbaya. Mzee alichoka kungoja, akaanza kuimba peke yake kwa sauti ndogo. Syombua alimsihi apumzishe kifua, zamu ya wimbo huo ingefika. Mzee akanyamaza. Siku hizo alikuwa akimtii yeyote aliyemuuguza.

Jioni, saa kumi na moja, kila kitu kilikuwa sawa. Kurasa zilikaa mbili mbili, nyeupe, herufi zimekolea wino, nukta zote zikionekana. Syombua aliibeba kompyuta kwa mikono miwili, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Haya, baba. Sasa."

Mkono wa mzee ulikuwa bado na joto. Syombua alingoja akohoe. Hakukohoa.

Asubuhi iliyofuata, majirani wakifunga turubai uani, Bwana Mulwa alipiga simu. Habari zilikuwa hazijamfikia. Aliuliza kama mzee amesikia nyimbo zake, na amesemaje penye nukta, maana mtambo wa kuchapa ungeanza kazi kesho yake. Syombua alisema atamjibu. Kisha alifungua faili na kulisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakutazama limefunguka kwa njia gani. Siku nzima iliyotangulia alikuwa ameziangalia kurasa hizo, na hakuwa amesoma wimbo hata mmoja. Katika wimbo ambao baba yake alimtungia mkewe siku ya kumzika, ubeti wa tatu wote ulikuwa nukta. Syombua alikaa nao. Alijaribu kuikumbuka ile sauti ndogo aliyoinyamazisha. Tuni aliipata, ilikuwa ya wimbo huo huo; maneno hayakuja. Akamwandikia Bwana Mulwa: "Mzee ametutoka. Chapeni na nukta zake."

Nanyi mnaosikia haya, aliye karibu nanyi anangoja mmalize kuchagua kitu gani?