Jina la Mtoto wa Raya

Hapo zamani, na msidhani zamani ya babu zenu, magari yalikuwapo, simu zilikuwapo, na mtandao ulikuwa ukikatika vilevile kama leo, alikuwapo Pemba mwanamke mmoja mgeni. Kwao Bosnia, jina lake Zehra. Alikuja na mradi wa maji, akakaa miaka miwili, akajifunza Kiswahili mpaka cha kutania. Lakini watu hawakumwita Zehra. Walimwita Bi Twende. Kwa nini? Subirini basi, mbona mna haraka kama yeye?

Zehra hakujua kukaa. Ukimpa kiti, anakaa ukingoni. Ukimpa chai, anaipuliza na kuinywa amesimama. Siku ya mapumziko haijapambazuka vizuri, yeye keshawasha gari anazunguka kisiwa. Msidhani ilikuwa furaha. Moyo wake ulikuwa hautulii. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na kila akitazama nyuma haoni alichoacha. Mabomba aliyoyalaza yalikuwa chini ya ardhi, na kibao cha kwenye tangi kilikuwa na jina la wafadhili. "Nikipanda ndege tu," alijiambia, "kisiwa hiki kitanisahau kabla sijafunga mkanda." Jambo hilo lilimuuma sana.

Ndipo wakaja kumtembelea rafiki zake wawili wa utotoni, Amela na Selma. Amela mnene, mcheshi, akiona kivuli anauliza mkeka uko wapi. Selma mwembamba, mwoga: anaogopa mjusi, anaogopa jongoo, anaogopa hata kuku akimtazama vibaya. Zehra akawapokea bandarini, na jasho la safari halijawakauka akawaambia, "Twende!"

Wakaenda Kidike kutazama popo. Popo wamelala, wananing'inia zao mitini. Amela akasema, "Na sisi tupumzike kama wenzetu hawa." Zehra akasema, "Twende, tutachelewa!" Wakaenda Misali kuogelea. Nywele hazijakauka, Zehra anasema, "Twende, tutachelewa!" Wakaenda msitu wa Ngezi. Selma kapata ushujaa wa kuinamia ua, Zehra yuko nyuma yake: "Twende, tutachelewa!" Kuchelewa wapi? Hata yeye ungemuuliza asingejua.

Asubuhi moja wakashika njia ya Vumawimbi, ufukweni. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kando ya barabara majamvi yametandazwa, karafuu zinaanikwa, na harufu inakuingia mpaka kooni. Sasa sikilizeni hapa vizuri. Zehra alikuwa ameshajifunza adabu ya kisiwa. Alijua kwamba Mpemba akiwa na chochote mkononi, hata kipande cha muhogo, atakukaribisha. Na alijua namna ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima: unaweka mkono kifuani, unatabasamu, unasema, "Ahsante, starehe," halafu unapita. Alikuwa fundi wa kukataa. Wenyeji wenyewe walimsifu kwa hilo.

Basi wakaipita nyumba moja. Barazani amesimama mwanamke kijana, mkono mmoja kashika nguzo, wa pili unaita. Midomo inakwenda, lakini vioo vya gari vimefungwa kwa ajili ya vumbi, hakuna kilichosikika. Zehra akapunguza mwendo. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu.

"Ahsante dada, starehe!" Akakanyaga mafuta.

Selma akageuka nyuma. "Zehra, yule bado anaita. Anataka nini?"

"Anatukaribisha chai. Ndivyo walivyo watu wa hapa. Tukisimama kila nyumba, hatufiki."

Wakafika. Wakaogelea, wakanywa madafu, Amela akanywa la kwake na la Selma na akaomba jingine. Zehra akatembea ufuo wote kwenda na kurudi, mpaka wingu jeusi likapanda nyuma ya msitu. "Twende, tutachelewa!" Safari hii walau alikuwa na sababu.

Njiani Amela akaanza kujipindapinda. "Zehra, simamisha gari."

"Tukifika mjini."

"Zehra, haja haijui mji. Simamisha!"

"Bado kidogo tu."

Mnajua alichofanya Amela? Alifungua mlango gari linakwenda! Zehra akapiga breki, gari likaserereka, likasimama. Na liliposimama, lilisimama mbele ya nyumba ileile.

Amela hakuuliza kwa nani wala kwa nini. Akazunguka mbio uani kutafuta choo. Hakufika. Wakamsikia akipiga kelele, "Zehra! Njoo! Kuna mtu huku!"

Jikoni, chini kwenye sakafu, alikuwa yule mwanamke wa barazani. Jina lake Raya. Mimba imefika, uchungu umemshika tangu asubuhi, na nyumba tupu. Mumewe yuko Unguja kikazi. Mama yake, Bi Mize, yuko shambani anachuma karafuu, na wanawake wote wa jirani wako hukohuko. Simu yake imezima, haina chaji. Zehra alipoingia, Raya akamtazama, akamtambua.

"Nilikuita," akasema. Maumivu yakamkata kauli.

Zehra akageuza uso. Amela akamshika bega. "Anasemaje? Mbona umekuwa hivyo?"

Amela na Selma hawajui Kiswahili, mjue. Chochote kilichosemwa Pemba kilipita kwanza mdomoni mwa Zehra. "Anasema uchungu ni mkali," akajibu.

Wakamwinua Raya, wakamfikisha barazani, na hapo tone la kwanza la mvua likaanguka. Raya akaikumbatia nguzo. "Siendi! Karafuu za mama. Kaniachia mimi."

"Dada, acha karafuu, wewe unazaa!"

"Siendi! Msimu mzima uko pale chini. Zikinyeshewa nitamtazamaje mama?"

Wakamvuta, haendi. Wakambembeleza, haendi. Selma hakuelewa hata neno, lakini aliona macho ya yule mwanamke yanakwenda kwenye majamvi, yanapanda mbinguni, yanarudi kwenye majamvi. Akavua viatu. "Mwambie ninabaki mimi. Nitaziingiza zote." Yule mwoga wa kuku! Zehra akatafsiri, na Raya akaiachia nguzo.

Wakaondoka. Mnataka niseme haraka haraka haina baraka? Sisemi, maana siku hiyo haraka ya Zehra ilifaa. Mvua ilishuka mpaka kifuta kioo kikawa hakifui dafu. Penye bonde maji yalikata barabara, mwenye lori kasimama ng'ambo anatikisa kichwa, Zehra akapita. Amela yuko kiti cha nyuma, kamkumbatia Raya, anamwimbia nyimbo za kubembelezea watoto za kwao. Raya hajui maneno yake, lakini anashika mkono, na uchungu ukizidi anauuma kwa meno. Amela anaendelea kuimba huku machozi yanamtoka. Wakafika hospitali, na hawajakaa sana mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Mkunga akasema, "Mngechelewa kidogo, sasa hivi tungekuwa tunasema mengine."

Kule nyumbani, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Selma alipewa majamvi. Alibeba, akaburura, akazoa kwa mikono, akazoa kwa kanga aliyoikuta kambani, jongoo wanampandia miguuni anawapangusa. Bi Mize alikuja mbio kutoka shambani, kalowa chapa, keshaanza kulia njiani kwa hasara. Akafungua mlango. Karafuu zote ndani, hazijalowa! Na katikati mzungu mmoja kasimama, kanyoosha mikono kama mlinda goli. Ila, lo, maskini, hakujua. Zilizokauka na zilizochumwa jana kazichanganya chungu moja! Selma akamwonyesha kwa ishara tumbo kubwa na usukani wa gari; Bi Mize akaelewa, akacheka, akalia, akamkumbatia. "Ama kweli, mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. Kisha akakaa chini kuchambua.

Sasa, ukoo wa Bi Mize ulikuwa na desturi yake. Mtoto akiokolewa na mkono wa mgeni, hupewa jina la mgeni huyo. Jina moja tu, si mkate useme tukate vipande. Zehra aliposikia hivyo, usingizi ukamhama. Aliwaza: nikishaondoka, uani kwa Bi Mize kila asubuhi kutasikika, "Zehra, amka! Zehra, njoo uoge! Zehra, umempeleka wapi kuku?" Alilitaka jambo hilo mpaka akaona aibu. Na kila akilitaka, alimsikia Raya: nilikuita.

Ikafika siku ya saba. Majirani wamejaa, wali unanukia, mwalimu wa madrasa kakaa kwenye mkeka. Bi Mize kampakata mjukuu wake. "Haya, wanangu," akasema. "Mtu haamui asiyoyaona. Nami sikuwapo. Kila mmoja aseme lake."

Amela akasimama. "Bibi, mimi nilikuwa natafuta choo tu." Watu wakaangua kicheko. "Lakini mlango niliufungua mimi. Zehra alikuwa hasimami. Aliyemkuta Raya ni mimi, na aliyemshika mpaka hospitali ni mimi. Alama ya meno hii hapa." Akaonyesha mkono.

Selma akasimama, sauti ndogo. "Mimi mtoto sikumgusa. Lakini mama yake alikuwa haachi nguzo. Nisingebaki mimi, asingekwenda, na wote tungekuwa pale tunavutana. Nilibaki peke yangu, Bibi, na mimi naogopa hata mjusi."

"Na karafuu ukazichanganya!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nilizichanganya," akasema Selma. "Nisameheni."

Maneno hayo yote aliyatafsiri Zehra. Angeweza kupunguza moja, angeweza kukausha jingine, nani angejua? Hakupunguza. Kisha ikawa zamu yake.

"Mimi niliendesha gari," akasema. "Wengine wasingepita pale bondeni. Nilipita." Raya alikuwa anamtazama. Mtu pekee aliyejua kwamba wito wa asubuhi ile haukuwa wa chai alikuwa yeye, na ilionekana wazi kwamba hatasema. Zehra angekaa tu, yakaisha.

Hakukaa. Alisema kwa Kiswahili, kisha akasema tena kwa lugha ya kwao, ili rafiki zake wasikie. "Asubuhi ile Raya aliniita. Nikamwambia starehe, nikapita, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kuogelea. Na aliponiambia, 'Nilikuita,' rafiki zangu niliwaficha."

"Zehra!" Amela akaruka. "Tulikuwa tunaogelea na huyu anakufa? Nawe ukajua, ukaninyamazia?" Selma akamvuta akae, na mwenyewe machozi yamemjaa.

"Ndiyo," akasema Zehra. "Na bado nalitaka jina hili, Bi Mize. Ninalitaka kuliko hawa wote. Wao watarudi kwao, wana kwao. Mimi nimekaa hapa na sina nilichoacha."

Hata waliokuwa jikoni wakaacha kupakua. Raya akainua uso. "Mama," akasema, "aliyenipita ni yeye, na aliyenifikisha ni yeye. Mimi nimejaribu kuvipima vitu hivyo viwili siku zote hizi, nimeshindwa."

Mwalimu akainama, mdomo karibu na sikio la mtoto. "Bi Mize," akauliza, "nimwite nani?" Bi Mize akamtazama Amela, akamtazama Selma, akamtazama Zehra, ambaye kwa mara ya kwanza tangu aingie Pemba alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo ukutani, wala hasemi twende.

Haya. Mimi sauti imenikauka, na nyie mmenikodolea macho kama mmelipia. Mwalimu kainama, mtoto anapiga miayo. Msiniangalie mimi, semeni nyie: aitwe Amela, aitwe Selma, au aitwe Zehra?